Dawati la Ajira: Umeuhakiki wasifu wako, au umeusoma tu?

Barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka jambo moja: wasifu umeshaandikwa, umebaki kutumwa, na mwenyewe hana amani nao. Tumechagua nane. Majina ya walioandika tumeyafupisha, na barua ndefu tumezipunguza.

Nimeisoma hadi naijua kwa ghibu

*Shikamooni wahariri. Nimemaliza shahada ya uhasibu, natuma maombi kwa Kiingereza kama matangazo yanavyotaka. Rafiki yangu aliye kazini aliitupia macho CV yangu akasema "ina makosa, ihakiki", basi. Nimeisoma hadi naijua kwa ghibu na kosa silioni. Nifanyeje? R.K., Morogoro*

Marahaba. Ugonjwa umeutaja mwenyewe: unaijua kwa ghibu. Macho yanayojua neno linalofuata hayasomi herufi, yanapita tu, na kichwa kinajaza kilichokosekana. Kwa hiyo usiongeze idadi ya kusoma. Badili namna ya kusoma, na kila mzunguko utafute kitu cha aina moja tu.

Iache ilale usiku mmoja. Kesho yake ichapishe, kaa mezani na kalamu nyekundu na rula.

Mzunguko wa kwanza ni wa tarakimu, usisome neno hata moja. Namba yako ya simu ipige kwa simu ya mtu mwingine, ukiibonyeza kutoka kwenye karatasi, si kutoka kichwani. Kosa linalojirudia sana ni kuandika +255 bila kuondoa sifuri ya mbele, ikawa +2550712 na kuendelea. Namba ya namna hiyo haiiti. Baruapepe nayo inakili kutoka kwenye faili lenyewe, ujitumie ujumbe. Ubaya wa makosa haya mawili ni kwamba hayakupi taarifa: umeitwa kwenye usaili, ujumbe haukufika, na wewe unadhani umechujwa.

Bado uko kwenye tarakimu: miaka. Kozi ya miaka mitatu iliyoanza 2019 ikaisha 2021 itamfanya msomaji asimame. Andika mwezi na mwaka, "Oktoba 2019 hadi Julai 2022", na mwezi uuandike kwa neno, kwa maana 03/04/2022 kwetu ni tarehe 3 Aprili na kwa Mmarekani aliyeko shirikani ni tarehe 4 Machi. Kisha GPA, yaani wastani wa alama zako za chuo. Kwa vyuo vikuu vyetu vinavyotumia kipimo cha 5.0, daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Aliyeandika "Upper Second, GPA 3.4" huenda amepitiwa tu, lakini anayesoma hana njia ya kujua kama amepitiwa au amejipandisha.

Mzunguko wa pili ni wa majina: chuo, kozi, kampuni, bodi ya taaluma, majina ya wadhamini na vyeo vyao. Kila jina liweke ubavuni mwa cheti au barua ya ajira na ulinganishe herufi kwa herufi. "Bachelor of Accounting" na "Bachelor of Commerce in Accounting" ni shahada mbili tofauti, na afisa utumishi anayepanga majina kwa kufuata sifa za tangazo anaangalia hilo hasa.

Mzunguko wa tatu ndio wa lugha. Anza na mstari wa mwisho wa ukurasa wa mwisho, upande juu mstari mmoja mmoja, rula ikiwa chini yake. Ukisoma kinyumenyume maana haikubebi, unabaki na maneno. Halafu soma tena kutoka juu, safari hii kwa sauti. Usikitegemee kikagua tahajia cha kompyuta kwa mambo mawili. La kwanza, kompyuta nyingi zimepangwa ziruke maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa tupu, ndiyo maana "PROFFESIONAL EXPERIENCE" hukaa kichwani mwa CV miaka mitatu bila kupigiwa mstari. La pili, kosa ambalo lenyewe ni neno halali halipigiwi mstari pia: "manger" badala ya "manager" (hiyo ya kwanza ni hori la kulishia ng'ombe), "form" na "from", "lead" mahali pa "led". Kwako wewe mhasibu, litafute "trail balance". Tunaliona mara kwa mara, na linaumiza kuliko mengine kwa sababu ni kosa ndani ya fani yenyewe: "trial balance" ni kitu unachotakiwa kukiandaa kila mwezi. Na kama lugha ya nyumbani haitenganishi L na R, pitia herufi hizo mbili peke yake, CV nzima.

Ukiwa hapo hapo, tazama nyakati za vitenzi. Kazi uliyonayo sasa iandikwe kwa wakati uliopo, zilizopita kwa wakati uliopita. Wengi wanapopata kazi mpya huongeza sehemu mpya juu na kusahau kuigeuza ile ya chini, basi mtu anaonekana yuko kazini sehemu mbili kwa wakati mmoja.

Mzunguko wa mwisho ni wa umbo: kama mstari mmoja umeishia na nukta, yote iishie na nukta, au yote isiwe nayo. Hapo ndipo umpe mtu mwingine. Usimuulize "iko sawa?", atasema iko sawa. Mwachie karatasi kwa nusu dakika, uichukue, umuulize: nimesomea nini, kazi yangu ya mwisho ilikuwa ipi, naomba kazi gani? Akishindwa jibu moja, kitu hicho hakijakaa mahali pake.

Mistari myekundu kila neno

*Ndugu wahariri, halmashauri yetu imetangaza nafasi za Dereva Daraja la II na tangazo lote ni la Kiswahili. Nimeandika wasifu wa Kiswahili, lakini kompyuta ya steshenari imeupiga mstari mwekundu ukurasa mzima. Kijana wa pale anasema nihamie Kiingereza. H.S., Tabora*

Usihame. Tangazo la Kiswahili lijibiwe kwa Kiswahili, isipokuwa lenyewe liseme vinginevyo. Ile mistari inatokana na kompyuta kudhani unaandika Kiingereza. Chagua maandishi yote, nenda kwenye mpangilio wa lugha ya ukaguzi, uweke Kiswahili. Kama haimo, programu ya LibreOffice ni ya bure na ina kamusi ya Kiswahili. Hata hivyo haitakumalizia kazi: vitenzi vyetu vinabeba viambishi vingi, na kamusi ya kompyuta itakataa neno sahihi kama "niliyoyaendesha". Macho bado yanahitajika.

Yaelekeze kwenye yafuatayo. "Nilikua dereva" maana yake uliota ukawa mkubwa. Ulichotaka kusema ni "nilikuwa dereva". "Uwendeshaji" ni "uendeshaji". "Kwahiyo" ni maneno mawili. Na "ajari", tafadhali, ni "ajali", kwa sababu ndilo neno ambalo afisa atalitafuta kwako kwa jicho la kwanza.

Tangazo la nafasi hiyo kwa kawaida linataka kidato cha nne, leseni ya daraja E au C uliyoifanyia kazi si chini ya mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Kila sharti katika hayo liwe na mstari wake kwenye wasifu, kwa maneno yale yale ya tangazo: daraja la leseni, tarehe iliyotolewa, tarehe inayoisha, aina za magari uliyoendesha na tangu lini. Kuandika "nina leseni hai" tu hakutoshi, maana anayechuja hana muda wa kufungua kiambatisho kutafuta daraja.

Cheti kinasema Ally, NIDA inasema Ali

*Cheti cha kidato cha nne kina Ally, kitambulisho cha Taifa kina Ali, na cha chuo kimeliacha kabisa jina la katikati. Kwenye wasifu niandike lipi? Naogopa kuonekana tapeli. M.A., Mwanza*

Usilinyooshe jina kwenye wasifu peke yake ukadhani umemaliza. Wasifu haubadilishi cheti; utakuwa umeongeza jina la nne tu.

Kwanza tafuta kosa liko wapi. Kama vyeti vyote vya shule vinakubaliana na cheti cha kuzaliwa, na NIDA ndiyo iliyotofautiana, nenda na nyaraka hizo ofisi ya NIDA ya wilaya uombe marekebisho. Kama vyeti vya elimu ndivyo vinavyogongana, dawa yake ni hati ya kubadili jina, ile watu wanayoiita "deed poll". Inaandaliwa na wakili na ni lazima isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanaishia kwenye kiapo cha wakili, ambacho ni karatasi nyingine. Matangazo ya kuitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira huwataka wenye majina yanayotofautiana waje na hati iliyosajiliwa kisheria, na mtu hurudishwa mlangoni akiwa na kiapo mkononi. Ianze mapema, usisubiri kuitwa.

Kwenye wasifu, tumia jina ambalo hati hiyo itakuwa imelithibitisha, na liwe hilo hilo kwenye barua ya maombi, kwenye akaunti yako ya Ajira Portal (tovuti ya Sekretarieti ya kuombea kazi), hata kwenye jina la faili.

Unaogopa kuonekana tapeli, na hofu hiyo ina msingi. Aprili 2017 uhakiki wa vyeti uliwaondoa kazini watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Tangu hapo tofauti ndogo ya herufi haipiti kimya. Kwa sababu hiyo hiyo angalia viambatisho vyenyewe: "testimonial", "provisional results" na hati ya matokeo havikubaliwi mahali pa cheti, na matangazo ya Serikali yanasema hivyo waziwazi.

Kurasa tano

*Hamjambo wahariri. Nimefanya kazi ya stoo hotelini miaka saba na CV yangu imefika kurasa tano. Dada yangu asema hakuna atakayeisoma, nami naona kila kitu kilicho ndani ni muhimu. Nipunguze wapi? J.M., Kilifi*

Hatujambo. Dada yako yuko sahihi, ila tatizo si kurasa. CV uliyotutumia ina mistari 31 inayoanza na "Responsible for". Maneno hayo yanaeleza kazi uliyopewa, hayasemi uliifanyaje. Mtu aliyefukuzwa stoo kwa uzembe angeweza kuandika mistari hiyo hiyo bila kudanganya.

Tuuchukue mmoja. Tunauandika kwa Kiswahili ili tuuchambue, wewe utaurudisha kwenye Kiingereza. Ulikuwa hivi: "Kuwajibika kwa shughuli zote za stoo ikiwemo kupokea, kuhifadhi na kutoa bidhaa." Kwenye barua yako, si kwenye CV, umetaja kwamba hoteli ina vyumba 60, kwamba huhesabu mali kila Jumatatu, na kwamba ulianza kupanga maziwa na nyama kwa tarehe ya kuisha muda ili kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Basi mstari uwe: "Nasimamia stoo ya chakula na vinywaji ya hoteli ya vyumba 60, nahesabu mali kila Jumatatu na kulinganisha na kadi za stoo, nilianzisha utoaji wa bidhaa kwa tarehe ya kuisha muda." Umeona kilichobadilika: ukubwa wa mahali, mara ngapi, na kitu ulichokiongeza wewe. Kama una hesabu ya hasara iliyopungua, iweke, mradi uwe unaweza kuonyesha imetoka kwenye daftari gani. Asilimia iliyookotwa hewani huanguka kwenye swali la pili la mahojiano.

Mistari mitano au sita ya namna hiyo kwa kazi ya sasa, mitatu kwa iliyotangulia, mmoja kwa ile ya kwanza kabisa. Hapo peke yake utapunguza kurasa mbili. Nafasi nyingine itapatikana kwa kufuta shule ya msingi, uraibu wa kutazama mpira, dini, hali ya ndoa na idadi ya watoto. Namba ya kitambulisho ifute pia kama hujaombwa. CV huzunguka mikononi mwa watu usiowajua, na namba hiyo pamoja na jina kamili na tarehe ya kuzaliwa ni mtaji wa mwizi.

Umeuliza pia juu ya vyeti vya huko Kenya: vya DCI (polisi wa upelelezi, ndicho cha tabia njema), KRA (kodi), HELB (mikopo ya wanafunzi), EACC (maadili na kupambana na rushwa) na CRB (taarifa za mikopo). Hivyo huambatishwa tangazo likivitaka, hasa kazi za umma. Hoteli binafsi isiyoviomba usiibebeshe. Muhimu ni ujue tarehe za vyako, usije ukaitwa kazini Ijumaa na cheti cha tabia njema kikawa kimepitwa na wakati.

Wadhamini watatu wanatosha, na kila mmoja apigiwe simu kabla jina lake halijaandikwa. Meneja aliyehama hoteli miaka minne iliyopita bado umemwandika kwa cheo na namba ya zamani.

Niliitwa kwa jina la mtu mwingine

*Nilitengenezewa CV steshenari, nikaituma mwenyewe. Mwajiri akanipigia akaniita jina la mwanamume nisiyemjua, akacheka, akakata. Nimeifungua CV, jina langu liko sawa kabisa juu yake. Imekuwaje? N.T., Mbeya*

Jina hilo liko ndani ya faili. Steshenari nyingi hazianzi na ukurasa mtupu. Zinafungua CV ya mteja aliyepita, zinafuta yake na kuingiza yako. Lakini Word hubeba kichwa cha faili na jina la mwandishi mahali ambapo huoni ukiwa unaandika, na ukigeuza kuwa PDF vinakwenda navyo. Mwajiri akiifungua kwenye kompyuta, juu kabisa ya dirisha anasoma "Curriculum Vitae ya Fulani". Kuviondoa ni kazi ya dakika moja: fungua faili kwenye Word, bonyeza File, kisha Info, na upande wa kulia utaona Title na Author. Futa, weka jina lako, hifadhi, ndipo utengeneze PDF upya. Kabla ya kutuma, ifungue kwa kivinjari cha intaneti utazame kinachoandikwa juu.

Kwa kuwa umetufungulia mlango huo, tukague na mengine yanayotoka steshenari.

Masahihisho yaliyobaki. Kama mtu alikusahihishia akiwa amewasha Track Changes, mistari ya rangi na maoni yake ya pembeni yanaweza kuwa yamefichwa tu. Nenda Review, kubali au kataa kila badiliko, futa maoni yote.

Ukubwa wa karatasi. Violezo vingi vya mtandaoni vimepangwa kwa karatasi ya Kimarekani, milimita 216 kwa 279. Sisi tunachapa kwenye A4, 210 kwa 297. Matokeo yake mwajiri akichapa, pembeni panakatwa au mistari inahama na jina la mdhamini wa tatu linaangukia peke yake ukurasa mwingine. Badili iwe A4 kwanza, halafu ndipo upange nafasi. Pembezoni ziwe kati ya sentimita 2 na 2.54, maandishi saizi 11.

PDF ambayo ni picha. Ukichapa CV, ukaipiga picha kwa simu na kuituma kama PDF, umetuma picha. Mifumo ya kupokea maombi inayosoma maandishi haioni kitu hapo. Jaribio lake: fungua PDF, bonyeza neno ulishikilie. Lisipochagulika, ni picha. Kuskani ni kwa vyeti, wasifu utoke moja kwa moja kwenye Word. Jaribio la pili: chagua maandishi yote, yanakili, uyabandike kwenye Notepad. Yakitoka kwa mpangilio unaosomeka, salama. Yakitoka namba ya simu katikati ya elimu, au anwani ikapotea kabisa, kosa ni vile visanduku, safu mbili na mapambo, au umeweka mawasiliano kwenye kile kichwa kinachojirudia kila ukurasa. Yarudishe kwenye mwili wa ukurasa.

Jina la faili: "cv mpya FINAL ya mwisho 3.pdf" linamwambia mwajiri zaidi ya ulivyokusudia. Jina lako, ukoo, CV, nafasi, inatosha.

Na usiondoke steshenari kabla hujafuta CV na vyeti vyako kwenye kompyuta yao, ukamwaga na pipa la taka, ukatoka kwenye baruapepe. Akaunti ya Ajira Portal isifunguliwe kwa baruapepe ya kijana wa steshenari hata kama anakuhimiza. Siku nenosiri likikupotea, ujumbe wa kulirudisha utakwenda kwake.

Picha iwepo au isiwepo?

*Assalaam alaykum. Naomba kazi ya mapokezi hotelini Muscat, na binamu yangu aliyeko Uingereza ananiambia picha ni makosa. S.O., Unguja*

Waalaykum salaam. Binamu yako yuko sawa kwa Uingereza, si kwa Muscat. Waajiri wengi wa Ghuba hutaka picha, uraia na taarifa za pasipoti. Hakikisha basi pasipoti ina angalau miezi sita mbele na tarehe uliyoiandika ni ile iliyomo. Uingereza, Marekani na Kanada picha, umri, dini na ndoa haviwekwi. Tengeneza faili mbili na uzipe majina tofauti usije ukazichanganya. Picha iwe ya pasipoti, ya karibuni. Ile iliyokatwa kwenye harusi na bega la mtu mwingine bado linaonekana, iache kwenye albamu.

Akili mnemba inisahihishie?

*Naona wenzangu wanaipa ChatGPT CV zao inazipiga pasi. Ni halali? E.L., Arusha*

Halali, ila iwekee mipaka. Ukiiambia "boresha CV yangu" itakuongezea ujuzi ambao huna, idadi ambazo hukuzitaja, na maneno makubwa yanayofanana na ya kila mwombaji mwingine siku hiyo. Iambie hivi: orodhesha makosa ya tahajia, sarufi na tarehe zisizosikilizana, usiandike upya sentensi yoyote, tumia Kiingereza cha Uingereza. Orodha ikija, amua mwenyewe kosa moja moja. Kumbuka haina cheti chako mbele yake. Haiwezi kujua kama ni 2018 au 2019. Na kabla hujaibandikia, ondoa namba ya simu, namba ya NIDA na majina ya wadhamini. Hao hawakukupa ruhusa ya kuwapeleka huko.

Kipimo chetu: kila mstari uliobaki, uweze kuueleza kwa mdomo dakika mbili bila kutazama karatasi. Usioweza kuueleza, uandike upya kwa maneno yako.

Nimeshatuma, ndipo nikaliona

*Jana nimetuma maombi kwa baruapepe. Leo naona nimeandika mwaka wa kumaliza chuo 2020 badala ya 2021, na "recieved" mara mbili. Nikae kimya? P.W., Dodoma*

Hayo ni makosa ya uzito tofauti. "Recieved" iache, kuandika barua ya kuomba radhi kwa herufi mbili kunamfanya mtu aende kulitafuta kosa ambalo pengine asingeliona. Mwaka usiuache, kwa sababu siku ya kukagua vyeti utasomeka kama udanganyifu. Kosa la simu au baruapepe nalo halisubiri.

Tuma leo, kwa kujibu ujumbe wako ule ule ili vikae pamoja, mistari miwili tu: "Naambatisha wasifu uliosahihishwa, mwaka wa kuhitimu ni 2021. Tafadhali tumieni nakala hii badala ya ya jana." Faili jipya liwe limesahihishwa vyote viwili, na jina lake liwe na tarehe ya leo. Usitume mara ya tatu. Kama maombi yalipitia tovuti, ingia kwenye akaunti kabla ya tarehe ya mwisho uone kama inakuruhusu kubadili kiambatisho. Ikikataa, chapa nakala iliyosahihishwa uende nayo kwenye usaili, na uwaonyeshe tofauti wewe mwenyewe kabla hawajaifungua bahasha ya vyeti.